Masikio ya Kiranja

"Mbwa haingii ndani," alisema mzee, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuaminiwa. "Analala kibarazani, miaka sita sasa. Nyumba hii ina utaratibu wake."

Mpelelezi wa maradhi aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, kisha akayapigia mstari. Idara nzima ya afya ilimwita Chekeche, kwa sababu maneno ya watu yakimwagwa kwake makapi hubaki juu. Mwenyewe hakulipenda jina hilo hata kidogo, ila alilitendea haki.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Jumatano saa nane mchana kamati ya nidhamu ya hospitali ingekaa kumfukuza kazi muuguzi wa chumba cha vidonda, mwanamke aliyefunga bandeji za mji huo kwa miaka ishirini na miwili bila mtu kumnyooshea kidole. Sasa kidole kilikuwa kimenyooshwa, na mwenye kidole alisimama palepale mlangoni, mikono kiunoni. Alikuwa binti wa mzee, karani wa mahakama, na malalamiko yake yalikuwa na kurasa nne na aya zenye namba.

"Baba yangu anaoza mguu, mama," alisema. "Miezi mitano sasa. Kidonda kinafunga, kinafumuka. Kinafunga, kinafumuka. Na maabara yenu wenyewe wamesema bakteria wa kidonda ni yuleyule aliye puani mwa huyo muuguzi. Sasa hapa unatafuta nini?"

"Kwanza natafuta pa kukaa," alisema Chekeche, akajivutia kiti.

Jibu lenyewe lilikuwa kwenye faili mapajani mwake, ila hakutaka kulitoa mapema. Wiki nzima alikuwa amekisaka chumba cha vidonda. Alipima mikasi, sabuni, beseni, hata kitasa cha mlango, na vyote vilitoka safi. Kisha akakaa na faili la mzee na kuhesabu siku. Mara mbili mzee alilazwa wodini siku kumi kumi, na siku zote hizo muuguzi huyohuyo alimbadilishia bandeji kila asubuhi. Mara zote mbili kidonda kilifunga. Mzee akirudi nyumbani, ambako muuguzi alimwona Jumatatu na Alhamisi tu, ndani ya wiki tatu kilikuwa kimefumuka. Mikono ya muuguzi ilipomgusa kila siku alipona, na ilipompumzisha aliugua. Chekeche alikuwa amekutana na wachafu wengi kazini, lakini mchafu anayeponya kwa kuzidisha uchafu hakuwahi kumwona.

"Mwalimu," alisema, maana mzee alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini na minne na mji mzima bado ulimwita hivyo, "nani anakufunga huo mguu?"

"Muuguzi. Jumatatu na Alhamisi."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine nasubiri Jumatatu na Alhamisi."

Chekeche aliinama. Bandeji ilikuwa nyeupe, imebana vizuri, na ncha yake ilikuwa imefungwa fundo dogo lenye vitanzi viwili vilivyolingana sawasawa. Muuguzi hakuwahi kufunga fundo maishani mwake. Bandeji zake zote ziliishia na vipande viwili vya plasta, alama ya kuzidisha.

"Fundo zuri," alisema. "Ni la kamba ya bendera, au macho yangu yananidanganya?"

Mzee alivuta suruali ikaficha mguu. "Lilikuwa limelegea kidogo. Nikalikaza."

"Plasta ililegea, ukakaza fundo."

"Mama, unamhoji baba kama mwizi," binti alisema.

"Mwizi ningempigia simu polisi. Naomba kunawa mikono, Mwalimu. Jikoni ni huku?"

Hakungoja jibu. Njiani aliupita mlango wa chumba cha kulala, umefungwa, na chini yake, usawa wa goti, rangi ilikuwa imekwanguliwa mistari minne minne hadi mbao zikaonekana. Mikwaruzo mipya ilikuwa juu ya ya zamani. Mbwa wa kibarazani alikuwa na mikono mirefu sana.

Jikoni palikuwa safi kuliko vyumba vingi vya upasuaji alivyowahi kukagua. Masufuria yalining'inia kwa ukubwa, kubwa hadi dogo, kama watoto mstarini asubuhi. Juu ya rafu lilikaa kopo la maziwa ya unga lililojaa pamba, na ndani ya pamba ilichomekwa kibanio cha chuma. Ukutani, kwenye karatasi nene iliyochorwa mistari kwa rula, palikuwa na ratiba.

Chekeche aliisoma yote, mara mbili, midomo ikitembea. Saa 12.15, kuamka. Saa 12.30, masikio. Saa 12.45, mguu. Saa 12.55, kunawa. Saa 1.00, chai.

Alirudi sebuleni kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

"Mwalimu, ratiba yako imenipendeza. Saa kumi na mbili na nusu ni masikio. Masikio ya nani?"

"Yangu."

"Dakika kumi na tano?"

"Nimefundisha usafi miaka thelathini na minne."

"Kwa masikio mawili, kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

Chekeche alitoa tochi ndogo mfukoni. "Niruhusu basi nijifunze."

Mzee alitaka kukataa, lakini binti alikuwa ameshasogea, naye akitaka kuona. Sikio la kulia lilikuwa na nta ya kutosha kutengenezea mshumaa. La kushoto lilikuwa baya zaidi. Chekeche alizima tochi polepole, na kutoka nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, ilisikika sauti kama ya mtu anayekung'uta nguo mbichi. Pata-pata-pata-pata. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Baba!" binti alisema.

Mzee alifumba macho. "Mfungulie," alisema. "Hata hivyo keshajitaja."

Akatoka mbwa wa rangi ya kahawia, mzito, mwenye heshima zake, sikio moja limelala na jingine limesimama nusu. Harufu ya masikio yake ilitangulia. Alimpita binti, akampita Chekeche, akaenda kukaa juu ya mguu mzima wa mzee, mahali ambapo kwa dalili zote ndipo alipokaa kila siku.

"Anaitwa Kiranja," alisema mzee.

"Ulisema haingii ndani," alisema binti.

"Wewe ulisema akiingia ndani utamgawa." Mzee aliweka mkono juu ya kichwa cha mbwa. "Tangu mama yako aondoke, nyumba hii ina watu wawili. Sikuwa tayari kubaki mmoja."

Chekeche, ambaye hakulipwa kwa kuangalia familia zikiumia, aligeuza ukurasa wa daftari.

"Masikio yanamsumbua tangu lini, Mwalimu?"

"Huu ni mwezi wa sita sasa. Nayasafisha kwa pamba na dawa ya matone. Kisha naona si vizuri kumsubiri muuguzi siku tatu nzima, basi nafungua mguu wangu, nausafisha nao, naufunga."

"Pamba ya kopo lile?"

"Lile."

"Kibanio kilekile?"

"Ni cha chuma kizuri."

"Na mikono unanawa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika hamsini na tano," mzee alijibu kwa fahari, "bila kukosa siku hata moja." Halafu akaisikia mwenyewe. Alimwangalia Kiranja, akauangalia mguu, akauangalia mkono wake uliokuwa juu ya sikio linalonuka, na akauondoa taratibu kama aliyegusa chungu cha moto.

*

Kujua ni kitu kimoja, na kuithibitishia kamati ni kingine. Mchana huohuo Chekeche alimleta daktari wa wanyama, mama mmoja mwenye buti za mpira na mikono ya kubeba ndama, aliyekuwa akishinda mashambani na aliyefurahi sana kuitwa kwenye nyumba yenye sakafu. Alimshika Kiranja taya, akazungusha kijiti cha pamba ndani ya kila sikio, na Kiranja akamlamba shavu kwa msamaha.

"Nikwambie ninachokitegemea?" alisema. "Mbwa wana stafilokokasi yao, aina ya bakteria. Wanaishi nayo kwenye ngozi na masikioni, mara nyingi bila shida. Sikio likiumwa inazaliana. Ikipata kidonda cha mtu, inahamia. Na watu nao huwapa mbwa ya kwao, usidhani ni njia ya kwenda tu."

"Lakini maabara yetu wameandika ya binadamu."

"Maabara yenu wamewahi kupima mbwa?"

Swali hilo ndilo Chekeche alilolipeleka maabara ya hospitali Jumatano asubuhi, mara sahani za kuoteshea bakteria zilipokuwa tayari. Mtaalamu wa maabara alikuwa mtu mwembamba, mwaminifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakupenda kuulizwa.

"Nilifuata taratibu zote," alisema. "Bakteria wa kidonda aligandisha plazima, yale maji ya damu. Wa puani mwa muuguzi aligandisha plazima. Anayegandisha plazima ni stafilokokasi yetu. Nikaandika."

"Ukaishia hapo?"

"Hapo ndipo tunapoishia. Hapa tunapima watu."

"Hata wa mbwa anagandisha plazima," alisema daktari wa wanyama, aliyekuwa ameegemea friji kana kwamba ni zizi. "Kwetu huo ni mwanzo tu wa safari."

Chekeche alimfungulia daftari lake mwenyewe la maabara, kurasa mbili alizozitia alama kwa vipande vya gazeti. Katika kila ukurasa mtaalamu alikuwa ameweka vidonge vya dawa juu ya bakteria na kupima kwa rula upana wa duara ambamo bakteria walikufa.

"Huyu wa muuguzi, dawa ya kwanza imemfagia milimita thelathini na moja. Huyu wa kidonda, dawa hiyohiyo haikumgusa. Sifuri. Ya pili, ishirini na nane kwa kumi na moja. Umeandika wewe, kwa mkono wako mzuri. Watu wawili wana jina moja, ila mmoja anavaa kiatu namba tano na mwingine namba kumi. Ni mtu mmoja huyo?"

Mtaalamu alichukua daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza. "Zilikuwa siku tofauti," alisema kwa sauti ndogo. "Mlalamikaji alitaka jina, nikampa jina. Sikuwahi kuziweka pamoja." Kisha, bila kuombwa, alienda kwenye sahani ya tatu, ile ya masikio ya Kiranja, akaweka rula. Sifuri. Kumi na moja. Aliipima mara mbili, akamkabidhi Chekeche rula apime mwenyewe. Sifuri. Kumi na moja.

"Saa nane wanamfukuza," alisema Chekeche. "Una kipimo kinachowatenganisha mbele ya macho ya mtu asiyejua kusoma sahani?"

Daktari wa wanyama alichomoa pakiti ndogo kwenye mfuko wa koti. "Yeye hana. Mimi ninacho."

*

Kamati ilikuwa na watu watano na meza ndefu, na Mganga Mkuu katikati. Muuguzi alikaa peke yake upande wa pili, mgongo umenyooka, funguo za chumba cha vidonda zimewekwa mezani mbele yake. Alikuwa amezileta bila kuagizwa, ili asije akaombwa. Binti wa mzee alikaa pembeni na kurasa zake nne.

"Ripoti yako, mpelelezi," alisema Mganga Mkuu. "Kwa ufupi."

"Haielezeki, Mheshimiwa. Inaonekana. Naomba kamati inyanyuke."

"Inyanyuke iende wapi?"

"Hatua thelathini. Nimezihesabu."

Kamati haikuwahi kunyanyuliwa na mtu katika historia yake, na labda ndiyo sababu ilinyanyuka. Wakafuatana kwenye korido, muuguzi nyuma, hadi kwenye dirisha la kioo la maabara. Wauguzi wa wodi ya pili walichungulia, wakaona, wakasogea nao. Ndani, mtaalamu alikuwa amevaa glavu na kupanga vipande vitatu vya karatasi nyeupe, na juu ya kila kimoja alikuwa amepaka bakteria kutoka sahani moja. Vibandiko vyenye majina alikuwa amevifunika kwa plasta.

"Karatasi hizi," alisema Chekeche, "zikitiwa tone hili, bakteria wa mbwa huzigeuza nyekundu. Stafilokokasi tunayotembea nayo sisi puani, mmoja wetu kati ya watatu au wanne, huziacha zilivyo. Moja imetoka kwenye kidonda cha Mwalimu. Moja puani mwa muuguzi. Moja sikioni mwa mbwa wa Mwalimu. Hata mimi sijui ipi ni ipi."

"Mbwa gani?" aliuliza katibu wa kamati.

"Subiri, utampenda."

Mtaalamu alidondosha tone la kwanza. Karatasi ikaona haya, ikawa ya waridi, ikawa nyekundu. Alidondosha la pili. Haikubadilika kitu. Walingoja, Mganga Mkuu akisogeza miwani, na karatasi ikabaki nyeupe. Akadondosha la tatu, na nyekundu ikachanua kabla hajaondoa mkono.

"Bandua," alisema Mganga Mkuu.

Mtaalamu alibandua plasta ya kwanza na kuiinulia kwenye kioo. Kidonda. Alibandua ya tatu. Mbwa. Ya katikati aliibandua mwisho na kuiinua juu kuliko nyingine, kwa kuwa kosa lilikuwa lake na alikuwa amechagua kulisahihisha mbele ya watu wote. Muuguzi.

Wodi ya pili ilipasuka kwa vigelegele, mfagizi akagonga ndoo yake sakafuni, na muuguzi, aliyekuwa hajalia tangu siku ya barua ya kumwita mbele ya kamati, alilia wazi wazi, akicheka katikati.

Katibu hakukubali kushindwa upesi. "Na kama yeye ndiye aliyemwambukiza mbwa?"

"Angempa nini?" Chekeche aliuliza. "Huyo bakteria hana. Puani mwake yupo wa kwake, na karatasi yake ni ile nyeupe."

"Basi huyo mbwa aondolewe," alisema katibu.

"Kosa si la mbwa."

Sauti ilitoka nyuma, na watu waligeuka kwa utii kabla ya kujua wanamtii nani. Mwalimu alikuwa amesimama na fimbo yake, shati limefungwa hadi shingoni, kijasho usoni. Alikuwa ametembea kutoka kituo cha basi kwa mguu ule.

"Kosa ni la ratiba," alisema. "Niliweka kunawa mwisho. Masikio ya mbwa, kisha mguu wangu, kisha maji. Nimewachapa watoto kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikadanganya kwamba mbwa hakai ndani, na uongo wangu ukamkalia huyu mama." Aligeuka kwa muuguzi. "Nimekuja kupokea adhabu yangu. Usinihurumie kwa sababu ya mvi."

Muuguzi alijifuta macho kwa kiganja. Mganga Mkuu alikuwa amerudi mbio ndogo kwenye meza ya kamati, akazileta funguo, akamwekea mkononi mbele ya korido nzima. Hakusema hotuba, na hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa mtu anayependa hotuba kama yeye.

"Leo Jumatano, Mwalimu," alisema muuguzi. "Si siku yako. Lakini naliona fundo la bendera kwenye mguu wangu, na mguu huo nimeuhangaikia miezi mitano. Twende."

Waliingia chumba cha vidonda, na walioweza kujipenyeza wakajipenyeza. Muuguzi alifungua bomba, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, taratibu, bila kumjali anayengoja. Alikata lile fundo. Alipolisafisha jeraha na kulifunga, akatia plasta mbili, alama ya kuzidisha, palepale pa siku zote.

"Daktari wa wanyama atamtibu Kiranja masikio," alisema. "Wewe utapata dawa inayomuua huyo bakteria, sasa tunamjua ni nani. Mbwa abaki. Asipande kitandani mpaka kidonda kifunge. Na makopo ya pamba yatakuwa mawili."

"Nipe ratiba," alisema mzee. "Nikiandika nafuata." Alipapasa mifuko. "Sina karatasi."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Aliziangalia kurasa zake nne, akachagua ile ya mwisho, iliyokuwa na sahihi yake, akaigeuza upande mweupe na kumwekea baba yake gotini.

"Andika, Baba," alisema. Kisha, kwa muuguzi, huku akimtazama machoni: "Na mimi nitaisimamia, dada. Nimekukosea sana."

Muuguzi alikubali kwa kichwa, akaanza kutaja, na mwalimu mkuu aliandika kama mtoto wa darasa la kwanza, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Kunawa. Mguu. Kunawa. Masikio. Kunawa. Chai. Alipomaliza aliomba rula, na mtaalamu wa maabara, aliyekuwa amejibanza nyuma ya watu wote, akampa ya kwake.